Video ya Bure na Kilo ya Majani Chai

Mvua ilikuwa imeanza, saa tisa alasiri kama ilivyo desturi ya Kapkatet, na mimi nimejibanza kwenye baraza ya hoteli na kikombe cha chai ya maziwa. Mwanafunzi wangu mmoja akapanda ngazi akikung'uta matope viatuni. Hakusema "chamgei", wala hakuketi. Kwa Wakipsigis kuruka salamu si jambo dogo, kwa hiyo nikajua mambo ni mazito.

"Mwalimu," akasema, "bando langu liliisha kabla mtoto hajatoka."

Nilikaa kidogo ndipo nikaelewa. Alikuwa anazungumzia video ya kuzalisha niliyoipachika kwenye wiki ya nne ya kozi yetu ya ukunga. Alikuwa ameitazama kwa simu, kwenye chumba chake cha kupanga, hadi kichwa cha mtoto kilipoanza kuonekana. Kisha gurudumu likaanza kuzunguka kwenye kioo, na ujumbe ukaingia kwamba data imekwisha. Mtihani mdogo wa wiki hiyo uliuliza kinachofuata baada ya kichwa kutoka. Alikisia.

Nafundisha kozi za mtandaoni za chuo kikuu ambacho makao yake hayako hapa, ila wanafunzi wangu wengi wako hapa: wauguzi na wanafunzi wa uuguzi wanaozunguka hospitali ya Kapkatet, Litein na vijiji vya Bureti, na wachache wa upande wa Bomet. Siku nilipoipachika ile video nilijipongeza. Nilinakili kiungo, nikakibandika kwenye jukwaa la masomo la Moodle, na ndani ya dakika mbili ukurasa ukawa na picha ya kupendeza na alama ya kuchezesha. Chuo hakikutoa hata ndururu. Mwenye video, mhadhiri wa ng'ambo mwenye sauti ya upole, hakuniomba chochote. Nikaandika kwenye ripoti ya muhula: gharama ya video, sifuri.

Ripoti ile ilikuwa ya uongo, ingawa sikukusudia kudanganya. Gharama ilikuwepo, ila haikupitia ofisi ya fedha. Ilipitia M-Pesa za wanafunzi, shilingi ishirini ishirini, usiku. Kwa hiyo nikaketi na kalamu nikapiga hesabu upya ya kila njia ya kuleta video ya mtu mwingine kwenye kozi, safari hii nikianzia mfukoni mwa anayetazama.

Hesabu yenyewe

Tuchukue kozi ya wiki 14 yenye dakika 40 za video kila wiki. Si nyingi, wenzangu wengine huweka saa nzima. Video iliyowekwa kwenye ubora wa 360p hula takriban MB 300 kwa saa, yaani MB 5 kwa dakika. Ukiiacha ipande hadi 720p inakula zaidi ya GB 1 kwa saa. Mimi hukadiria GB 1.3. Tarakimu hizi hupanda na kushuka kulingana na picha yenyewe, maana mtu aliyesimama mbele ya ukuta hali data kama mtoto anayepiga mateke, lakini kwa bajeti zinatosha.

Dakika 40 za 360p ni MB 200. Dakika 40 za 720p ni karibu MB 870. Sasa fungua simu, piga *544#, utazame mabando ya Safaricom ya siku moja. Nilipofanya hesabu hii, shilingi 20 zilikuwa zinanunua MB 250 za saa 24, na shilingi 99 zinanunua GB 1 ya saa 24. Bei hizi hubadilika na ofa huja na kuondoka, na Airtel ana zake, kwa hiyo piga mwenyewe uone za leo.

Anayetazama kwa 360p ananunua bando moja la 20 kila wiki: shilingi 280 kwa muhula. Anayetazama kwa 720p akinunua la 99: shilingi 1,386. Ni video ileile, mhadhiri yuleyule, mtoto yuleyule. Tofauti ni kitufe kidogo chenye umbo la gurudumu la meno ambacho wengi hawajawahi kukigusa, kwa sababu mchezeshaji wa video huwekwa ajichagulie ubora mwenyewe, na mtandao ukiwa na nguvu saa sita usiku hujichagulia mkubwa.

Zidisha kwa kozi sita, ambazo ni mzigo wa kawaida wa muhula: 1,680 kwa mmoja, 8,316 kwa mwingine. Mwaka una mihula miwili, kwa hiyo huyu wa pili anafika 16,632. Waliosoma vyuo vya umma kwa udhamini wa serikali watashtuka hapo. Kwa miongo kadhaa, hadi mfumo mpya wa ufadhili ulipoingia mwaka 2023, ada yao ya masomo ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka. Video za "bure" zinaweza kufika kiasi hicho bila mtu yeyote kutoa risiti.

Huku kwetu pesa hupimwa kwa kilo. Viwanda vya wakulima wadogo vilivyo chini ya KTDA, na Kapkatet tuna chetu chenye jina la mji, hulipa kila mwezi kwa kila kilo ya majani mabichi ya chai, na katika miaka hii ya karibuni malipo hayo ya kwanza yamekuwa shilingi ishirini na kitu. Bonasi huja baadaye, na ya mwaka 2025 kwa wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa ililalamikiwa sana. Kwa hiyo bando la shilingi 20 ni karibu kilo moja ya majani ambayo mama mtu ameyachuma, ameyabeba mgongoni hadi kituoni na kusubiri yapimwe. Bando la 99 ni kilo nne na ushee. Tangu nilipoanza kuhesabu hivyo sijaweza tena kupachika video ya dakika 40 ili tu mwanafunzi aone dakika tano za katikati.

Lipo pia bando la saa moja, lile la GB 1 kwa shilingi kama 20 ambalo vijana wanalipenda. Kwa anayejua dakika zake ni bei nzuri kuliko zote: saa nzima ya 360p ndani yake, na chenji ya megabaiti inabaki. Kwa anayetazama, akasimamisha aandike, akaitwa jikoni, akarudi, saa imepita na GB imekufa na uhai wake. Mama mwenye mtoto wa miezi minane hawezi kusoma kwa bando la saa moja.

Kulipia badala ya kupachika

Wakuu wa idara wakisikia malalamiko ya namna hii husema: basi tununue maktaba ya video zenye hadhi. LinkedIn Learning, ambayo chimbuko lake ni Lynda.com iliyonunuliwa na LinkedIn mwaka 2015, hutangaza bei ya mtu mmoja mmoja huko Marekani ya dola 39.99 kwa mwezi. Kwa dola ya shilingi 129 hivi, hiyo ni kama 5,160. Coursera Plus hutangazwa kwa dola 399 kwa mwaka, zaidi ya shilingi 51,000. Vyuo havilipi bei hizo. Hukaa mezani na kupatana bei ya jumla. Lakini patana utakavyopatana, mambo mawili hayabadiliki. La kwanza, malipo ni kwa kichwa na kwa muda. Mkataba ukikatika, wiki ya tano ya kozi inageuka ukurasa mweupe. La pili, ambalo ndilo linalonikera zaidi, kulipia video hakumpi mwanafunzi data ya kuitazama. Chuo kimelipa, na yeye bado ananunua bando. Hii ndiyo njia pekee kati ya zote ambapo mifuko miwili inatoboka kwa wakati mmoja.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Maktaba hizi zina programu za simu zinazoruhusu kupakua somo ukiwa kwenye Wi-Fi na kulitazama baadaye nje ya mtandao, na kwa mwanafunzi wa uhasibu au wa kompyuta cheti cha mwisho kina uzito sokoni. Ningekuwa nafundisha Excel ningezifikiria. Kwa ukunga, hapana. Na mwenye kufurahia ofa za bure akumbuke mwaka 2020: vyuo vilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, Coursera ilifungulia vyuo vikuu milango bila malipo, na mwaka huohuo kabla haujaisha ofa ikafungwa. Hawakuficha tarehe. Ila kozi iliyojengwa juu ya ofa haina budi kubomolewa ofa ikiondoka.

Wala hili la kuazima masomo ya mbali si geni kwetu. Mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandaoni, AVU, kilianza kama mradi wa Benki ya Dunia, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kikawa miongoni mwa vituo vya mwanzo: mihadhara ya vyuo vya ng'ambo ilishuka kwa setilaiti, wanafunzi wameketi ukumbini wanatazama skrini. Ghali mno, lakini aliyeketi pale hakulipia kila dakika. Mwaka 2005 Amref, Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture walianza mpango wa kuwapandisha maelfu ya wauguzi wa cheti kuwa wa diploma kwa masomo ya kompyuta, katika vituo vilivyotapakaa nchini, na mengi ya masomo hayo yalikuwa kwenye CD. Najua wauguzi hapa waliopitia njia hiyo. Ukiwauliza kuhusu bando wanacheka. Somo lilikuwa ndani ya sahani ya plastiki, unalirudia hata mara kumi, umeme tu uwepo. Tulipohamia mtandaoni tulipata mengi, na hilo tukalipoteza bila kulipigia kura.

Matangazo, majirani na video inayotoweka

Turudi kwa video ya kupachika, maana pamoja na yote ndiyo tutakayoendelea kuitumia. Ina gharama nyingine ambazo hazionekani kwenye bando.

Matangazo ni moja. Kabla ya somo la kunyonyesha, mwanafunzi wangu aliwahi kuonyeshwa tangazo la kamari. Data ya tangazo hilo alilipa yeye. Halafu kuna majirani: video ikiisha, nyingine hupendekezwa. Zamani uliweza kuongeza rel=0 kwenye kiungo na mapendekezo yote yakazimwa; tangu mwaka 2018 kitu hicho hubakiza mapendekezo ya chaneli ileile tu. Si haba, kiongeze. Ukipachika kwa anwani ya youtube-nocookie.com unapunguza pia ufuatiliaji wa mwanafunzi. Hilo lina maana kwa chuo ambacho, kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kinawajibika kwa taarifa za watu wake.

Kutoweka ndiko kulikonipata mimi. Wiki ya tisa, siku mbili kabla ya mtihani, nilifungua ukurasa nikakuta mraba mweusi: mwenye video ameifanya ya faragha. Hakunikosea. Hakujua hata kwamba nipo, na video ni yake. Nilikesha nikitafuta mbadala, nikaandika upya maswali sita, na asubuhi nikatuma ujumbe wa kuomba radhi kwa darasa la watu sitini. Ukiweka thamani ya usiku mmoja wa mhadhiri kwenye safu ya gharama, ile sifuri ya bure inafutika.

Na sheria? Kupachika na kunakili ni mambo mawili tofauti. Unapopachika, video inabaki kwa mwenyewe na inachezwa kutoka kwake. Masharti ya YouTube yanaruhusu hilo kwa mchezeshaji wao, alimradi mwenye video hajalizuia. Huko Ulaya, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2014, kwenye shauri la BestWater, iliona kwamba kupachika kitu ambacho tayari kiko wazi kwa wote si kukitangaza upya kwa umma. Uamuzi huo haumfungi hakimu wa Kericho, lakini unaonyesha upepo unakovuma. Kupakua video kwa programu za mlango wa nyuma na kuigawa kwa flashi ni habari nyingine: masharti ya YouTube yanakataza, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, ingawa inatoa nafasi ya matumizi ya haki kwa mambo kama utafiti na uhakiki kwa sharti la kutaja chanzo, haikuwapa walimu hundi iliyo wazi. Najua kila mtu anafanya. Najua pia kwamba barua pepe ya mistari mitatu ya kuomba ruhusa haina gharama, na mara mbili kati ya nne nilizoandika nilijibiwa "ndiyo" ndani ya wiki.

Dripu na mashine

Kuna gharama moja ambayo haimo kwenye jedwali la mtu yeyote, na mimi naiona kubwa kuliko data.

Video nzuri kuliko zote nilizowahi kupachika kuhusu kuweka dripu ilitoka Marekani. Picha safi, mwanga mzuri, kila hatua imetajwa. Muuguzi kwenye video anaandika kiasi kwenye mashine, mashine inalia pii, maji yanashuka yenyewe kwa kipimo. Wanafunzi wangu waliipenda. Kisha mmoja wao akaenda wodini zamu ya usiku, akakabidhiwa chupa ya lita moja, mpira wa kawaida wenye gurudumu la kubana, na maagizo: iishe ndani ya saa nane. Hakuna mashine. Inabidi uhesabu: mililita 1,000 mara matone 20 kwa kila mililita, gawanya kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika. Unashika saa yako, unatazama kile kijichumba cha plastiki, unahesabu matone midomo ikitikisika, unabana, unalegeza, unahesabu tena. Video ya dola nyingi haikumfundisha hilo. Muuguzi mkuu wa zamu, mama wa makamo aliyesoma enzi za CD, alimfundisha kwa dakika nne.

Kitovu cha mtoto mchanga ni mfano mwingine. Video nyingi za nchi tajiri zinasema kiachwe kikauke chenyewe. Mwongozo wa Kenya una dawa ya klorheksidini ya asilimia 7.1 ya kupaka. Mwanafunzi akijibu kwa video, anakosa kwa mwongozo wa nchi yake, na mimi ndiye niliyemwonyesha.

Ndiyo maana, baada ya kuzunguka kote huko, fedha kidogo niliyopewa na idara sikuipeleka kwenye maktaba ya kulipia. Niliigawa sehemu mbili.

Kisanduku na simu

Sehemu ya kwanza ilinunua kisanduku: Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, kadi ya kumbukumbu ya GB 128, chaja na kasha. Ukitenga shilingi 20,000 hutaaibika. Ndani yake unaweka Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality iliyotengenezwa mahsusi kwa sehemu zenye mtandao wa kusuasua. Kisanduku kinatoa Wi-Fi yake chenyewe, isiyokwenda popote. Mwanafunzi anaunganisha simu, anafungua kivinjari, anatazama au anapakua, na bando lake halipungui hata baiti moja. Simu kumi na kitu kwa mara moja kinazimudu. Darasa zima likija, ongeza ruta, vinginevyo utasikia miguno.

Linganisha sasa. Darasa la watu 60 likitazama kozi yangu moja kwa 720p linatumia 83,160 kwa muhula mmoja. Kwa 360p ni 16,800. Kisanduku ni elfu ishirini mara moja, na muhula ujao kiko palepale. Hata umeme ukikatika na mvua ya mawe, nao hapa hukatika, kisanduku kinakunywa kidogo hivi kwamba betri ya kuchajia simu inakiendesha hadi jioni.

Udhaifu wake ni kwamba lazima uje kilipo. Aliye Ndanai au Sigor, upande wa Bomet, hatapanda matatu ya kwenda na kurudi ili aokoe bando la shilingi 20, nauli itamla. Kwake yeye ni flashi: anakuja mara moja kwa mwezi kwa shughuli zake, anaondoka na wiki nne za masomo kwenye kadi ya simu. Muhula mzima wa 360p ni chini ya GB 3, na hata simu ya bei ya chini ina nafasi hiyo ukifuta picha za WhatsApp.

Lakini huwezi kuweka kwenye kisanduku usichoruhusiwa kunakili. Hapa ndipo kazi ya kuchagua ilipo, na ndipo nilipokosea miaka miwili kwa kutafuta kwanza kwenye YouTube na kuuliza leseni baadaye. Anza upande wa pili. Global Health Media Project, shirika la Marekani, hutengeneza video za kliniki kwa ajili ya wodi zisizo na mashine: kuzalisha, kumhudumia mtoto mchanga, kunyonyesha. Wanaziacha zipakuliwe bure, na nyingi zina sauti ya Kiswahili. Medical Aid Films ya Uingereza nao walitengeneza za Kiswahili. MIT OpenCourseWare na Khan Academy wanatumia leseni za Creative Commons zinazoruhusu kunakili kwa matumizi yasiyo ya biashara, ukitaja chanzo. NPTEL ya vyuo vya teknolojia vya India ni hazina kwa wahandisi, ukizoea lafudhi. Hata ndani ya YouTube kuna kichujio cha kuonyesha zenye leseni ya Creative Commons peke yake, kimejificha, kitafute.

Zile za Kiswahili zilinipa faida ambayo sikuiweka kwenye hesabu. Yule mwanafunzi wa bando alichukua ya kunyonyesha kwa flashi, akaionyesha kliniki ya akina mama kwa simu yake, akitafsiri kwa Kikipsigis pale Kiswahili kilipokuwa kigumu. Video iliyomfundisha muuguzi mmoja ikafundisha benchi zima.

Sehemu ya pili ya fedha ilinunua kishikio cha simu chenye miguu mitatu na maikrofoni ya kubana kwenye kola. Ya dripu niliirekodi mwenyewe, kwa msaada wa yule mama wa zamu, kwenye meza ya mazoezi na chupa ya maji ya chumvi iliyopitwa na tarehe. Hakuna mgonjwa, hakuna uso wa mtu asiyeridhia. Dakika tatu na sekunde arobaini. Mkono wake, saa yake, sauti yake ikihesabu matone. Mwanga si mzuri na kuku wanasikika nyuma. Niliiweka kwenye kisanduku na pia kwenye YouTube bila kuiorodhesha hadharani, ambako hulipi kila mwaka kama kwa wenye seva za kulipia. Akaunti mpya ina kikomo cha dakika 15 kwa video hadi uithibitishe kwa namba ya simu, lakini ni nani anayehitaji zaidi ya hizo kuhesabu matone?

Kwa hiyo kozi ya muhula huu imekaa hivi: wiki nane ziko kwenye kisanduku kwa leseni huru, tatu nimezirekodi, mbili nimepewa ruhusa kwa barua pepe. Imebaki wiki ya kumi na moja, kuhusu kifafa cha mimba, ambayo video yake bora bado ni ya kupachika na mwenyewe hajanijibu. Nimemwandikia tena juzi. Kwa sasa nimeipachika kuanzia pale tu inapohitajika, kwa kuongeza start=312&end=588 mwishoni mwa kiungo, na chini yake nimeandika kwa herufi nene: bonyeza gurudumu, chagua 360p; dakika 4 na sekunde 36; MB 23.